Posta ya Wajerumani Lamu na bahasha ya babu

*"Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, asili ya mama yangu ni Langoni, Lamu. Mwaka jana wakati wa Maulidi nilipelekwa kuiona ile nyumba iliyokuwa posta ya Wajerumani na sasa ni makumbusho. Nikaambiwa ilifunguliwa 1888 ikafungwa 1891, basi. Shuleni tulifundishwa kwamba Kenya ilikuwa ya Waingereza na Tanganyika ndiyo ya Wajerumani. Hawa Wajerumani walifikaje Lamu? Ni kweli wao ndio walioijenga nyumba ile? Ni kweli ndiyo posta ya kwanza Afrika Mashariki? Na kwa nini waihangaikie posta kisha waifunge baada ya miaka miwili na ushei? Siulizi kwa udadisi mtupu. Marehemu babu mzaa mama aliacha sanduku la karatasi, na ndani yake mna bahasha ya zamani yenye stempu mbili. Moja ina maandishi ya herufi za Kiarabu. Juu ya nyingine pana muhuri hafifu ambao mimi nausoma LAMU. Mjomba anasema imetoka posta ile na tuiuze upesi kwa Mjerumani aliyempata mtandaoni. Mama hataki. Nifanye nini?"*

Nianze na la haraka, ndugu yangu. Bahasha isitoke nyumbani, stempu zisibanduliwe, na mjomba amwambie huyo mnunuzi wake angoje. Karatasi iliyokaa sandukuni miaka yote hiyo haitaharibika kwa kungoja miezi miwili zaidi. Sababu nitazitoa huko mbele, kwa kuwa bahasha haisomeki mpaka ujue kwanza posta ile ilikuwa kitu gani, na hapo ndipo wengi huteleza, wakiwemo baadhi ya wanaotembeza wageni mjini.

Kuhusu nyumba: Wajerumani hawakuijenga. Waliingia katika nyumba ya mji wakafanyia kazi yao humo. Siku utakayorudi, usisome vibao vya maonyesho peke yake, itazame nyumba yenyewe. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa. Juu pana boriti za mkoko, na boriti za mkoko ndizo zinazoamua ukubwa wa chumba cha Lamu. Haziwezi kubeba dari nzito ya mawe na chokaa kuvuka upana wa mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba vya zamani ni virefu na vyembamba, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine. Ukitaka kuona jinsi Wajerumani walivyojenga walipokuwa wamekaa kwa kutulia, nenda Bagamoyo ukaliangalie Boma lao la 1897, halafu ulinganishe. Lile la Bagamoyo lilijengwa litazamwe kwa mbali. Nyumba ya Lamu imebanwa na majirani zake kwenye Usita wa Mui, njia kuu ya ndani ya mji, na mgeni asiyeoneshwa anaweza kuipita asiione.

Kuna sababu ya wao kutojenga, nayo ni ya kiofisi. Kilichofunguliwa Lamu tarehe 22 Novemba 1888 hakikuwa posta kuu ya dola yenye makarani na wasambazaji barua. Kilikuwa uwakala wa posta, daraja la chini katika mfumo wa posta wa Ujerumani. Uwakala kwa kawaida alikabidhiwa mtu mwenye shughuli nyingine, mfanyabiashara au mwenye duka, akaifanya kazi hiyo pembeni ya yake. Ofisi ya aina hiyo ilihitaji meza, mizani ya kupimia barua, sanduku la fedha, akiba ya stempu na muhuri wa chuma wenye jina la mahali na tarehe. Vyote hivyo vinatosha chumba kimoja. Kwa hiyo unaposema "jengo la posta", fikiria nyumba ya watu ambayo kwa miezi ishirini na minane ilikuwa na posta ndani yake. Kabla ya hapo ilikuwa nyumba, na baada ya hapo ikarudia kuwa nyumba.

Sasa hao Wajerumani walitoka wapi. Mwalimu wako hakukosea, ila aliruka ukurasa mmoja. Bara, kusini magharibi ya Lamu, pana Witu. Katikati ya karne ya 19 alihamia huko Ahmed, aliyejulikana kwa jina la Simba, wa ukoo wa Nabahani, watawala wa zamani wa Pate. Alikuwa amesukumwa nje ya visiwa na nguvu za Sayyid wa Unguja, akajichimbia msituni, akapokea kila aliyekimbia: watoro waliotoroka mashamba ya watumwa, wenye madeni, wenye ugomvi na liwali. Alihitaji rafiki mwenye bunduki na manowari, na asiwe rafiki wa Unguja. Ndipo walipotokea ndugu wawili wa Kijerumani, Clemens na Gustav Denhardt. Clemens aliujua Mto Tana tangu safari yake ya 1878. Aprili 1885 Simba alitia saini mikataba ya kuwapa ardhi na kuomba ulinzi, na tarehe 27 Mei mwaka huohuo Ujerumani ikatangaza kwamba Witu iko chini ya himaya yake. Ni hivyo tu. Sehemu ya Kenya ya leo ilikuwa chini ya bendera ya Ujerumani kwa miaka mitano.

Lakini angalia vizuri, maana hapa ndipo habari inaponoga: Lamu yenyewe haikuwemo. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikaa wakagawana pwani kwa kalamu. Lamu, pamoja na visiwa vingine na ukanda wa maili kumi hadi Kipini, mlangoni mwa Mto Tana, vikathibitishwa kuwa vya Sultani wa Unguja. Witu wakaachiwa pwani yao kaskazini ya Kipini hadi mwisho wa ghuba ya Manda. Maana yake, Lamu mjini Denhardt alikuwa mgeni. Mtawala alikuwa liwali wa Sultani, na bendera juu ya ngome ilikuwa nyekundu ya Unguja. Posta ya Wajerumani ilifunguliwa katika mji ambao haukuwa wao.

Huenda likakushangaza, lakini zama hizo halikuwa jambo la ajabu. Dola kubwa zilifungua posta zao katika miji ya watu wengine popote palipokuwa na raia wao, biashara yao na meli za kupita. Unguja ndiyo mfano ulio karibu nasi: serikali ya Kiingereza ya India ilikuwa na posta pale, Wafaransa wakafungua yao 1889, Wajerumani wakafuata 1890, zote katika mji uleule wa Sultani. Denhardt ndiye aliyelisukuma wazo la posta ya Lamu mpaka likakubaliwa Berlin, na hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Witu iko bara, katikati ya msitu, haina bandari ya maana. Bidhaa, fedha na habari zote zilipitia Lamu. Kampuni ya Wajerumani ya Witu, iliyoundwa 1887, haikuweza kufanya kazi kama barua zake zingebebwa kwa hisani ya wengine.

Na tarehe yenyewe ina maneno yake. Novemba 1888 ndiyo miezi ileile ambayo pwani ya kusini ilikuwa inawaka moto. Tangu Agosti na Septemba, Abushiri bin Salim na wenzake walikuwa wamewatimua watu wa kampuni ya Kijerumani kutoka miji mingi kuanzia Pangani kwenda chini, wakabaki wameng'ang'ania Bagamoyo na Dar es Salaam tu. Ndiyo sababu mji ambao haukuwa wao, Lamu, ukapata posta ya Kijerumani karibu miaka miwili kabla ya Bagamoyo na Dar es Salaam, zilizoipata Oktoba 1890 baada ya vita kwisha. Mimi huona hilo ni la kuvutia kuliko swali la nani alikuwa wa kwanza.

Lakini uliuliza, basi tulimalize. Si posta ya kwanza Afrika Mashariki. Ile posta ya serikali ya India ilikwishafunguliwa Unguja mwaka 1868, ikafungwa, ikafunguliwa tena 1875 na safari hii ikadumu. Lamu ni ya kwanza ya Wajerumani katika pwani yetu. Hiyo ni sifa tosha, wala haihitaji kutiwa chumvi.

Kabla ya hapo barua za Lamu zilisafirije? Zilisafiri mikononi mwa watu. Mfanyabiashara aliandika kwa herufi za Kiarabu, akaikunja karatasi, akaandika jina la mpokeaji mgongoni na kumkabidhi nahodha au msafiri aliyemwamini. Haikuhitaji stempu, ilihitaji mtu anayejulikana na upepo unaofaa. Barua ya kwenda Maskati au Bombay ilipanda na kusi, na jibu likateremka na kaskazi, kwa hiyo swali na jibu lilikuwa jambo la mwaka. Meli za moshi ndizo zilizouvunja mpango huo. Kampuni ya British India ilianza 1872 kubeba barua kila mwezi kati ya Aden na Unguja, na tangu hapo barua ya pwani ikawa na ratiba.

Posta ya Lamu ilikuwa kiungo cha kuifikia ratiba hiyo. Ujerumani ilikuwa miongoni mwa waasisi wa umoja wa posta wa dunia ulioundwa Bern mwaka 1874, na mkataba wake ulikuwa na nguvu ya ajabu: barua ikilipiwa mara moja pale ilipotumwa, kila nchi mwanachama inawajibika kuipitisha bila kumdai mtu tena. Barua ya gramu 15 ya kwenda nchi za nje ilikuwa pfennig 20 za Kijerumani. Mtu aliyesimama Usita wa Mui akalipa, akabandikiwa stempu ya buluu na kupigiwa muhuri, alikuwa amenunua safari nzima hadi mlangoni kwa mpokeaji, Hamburg au Bombay, bila kumjua nahodha yeyote. Nami naamini mfanyabiashara wa Kibohora au Mbanyani hapo Lamu alilielewa hilo upesi kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kuwa mali yake ilitegemea kujua bei ya mwenzake kabla ya jirani.

Tukija kwenye kufungwa, ile posta ilikuwa rehani ya kisiasa. Ilisimama kwa matumaini kwamba Lamu yenyewe, siku moja, itaangukia mikononi mwa Wajerumani. Matumaini hayo yalipigwa mara tatu. Pigo la kwanza lilikuwa la forodha. Kampuni ya Witu na kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ziligombania haki ya kukusanya ushuru wa bandari ya Lamu, kesi ikapelekwa kwa msuluhishi wa Kibelgiji, Baron Lambermont. Agosti 1889 akaamua kwamba Wajerumani hawana haki ya kumzuia Sultani, Sultani ana hiari yake. Sultani akawapa Waingereza. Ukikosa forodha, umeukosa mji.

Pigo la pili lilitoka Berlin. Tarehe 1 Julai 1890 Ujerumani na Uingereza zilitia saini mkataba wa Heligoland. Wajerumani walipata kisiwa hicho kidogo cha Bahari ya Kaskazini pamoja na mipaka waliyoitaka kwingineko, nao wakaachia madai yao ya Witu na pwani ya juu yake, na kuutambua ulinzi wa Kiingereza juu ya Unguja. Watu wa Witu hawakuulizwa. Fumo Bakari, aliyekalia kiti baada ya Simba, alijikuta rafiki aliyemtegemea amemkabidhi kwa watu ambao hakuwachagua.

La tatu lilikuwa la damu. Septemba 1890 Mjerumani mmoja aitwaye Küntzel aliingia Witu na wenzake, ukazuka ugomvi, wakauawa. Na kwa kuwa Witu sasa ilikuwa mzigo wa Waingereza, ni manowari za Admirali Fremantle zilizokuja Oktoba, askari wakapanda bara, Witu ikachomwa. Fumo Bakari akafariki miezi michache baadaye. Posta ikaendelea kufungua mlango wake Lamu hadi tarehe 31 Machi 1891, ikafungwa. Pale Unguja nako Wajerumani walifunga yao mwaka huohuo. Kwa hiyo ukisikia kwamba ilifungwa kwa kukosa wateja, usikubali haraka. Wateja wachache huenda walikuwa kweli, mji ni mdogo, lakini kilichoiua ni saini ya Berlin.

Jambo moja ambalo watu hulisahau, nalo litakufaa kwa bahasha yako: Mei 1890 kampuni ya Kiingereza ilianza huduma zake za posta Mombasa na Lamu. Kwa miezi kama kumi, mji ule mdogo ulikuwa na posta mbili za dola mbili.

Sasa tuifungue bahasha, kwa maneno tu.

Neno LAMU kwenye muhuri, peke yake, halithibitishi kitu. Kila posta iliyofuata Lamu, ya kampuni ya Kiingereza, ya serikali ya kikoloni, hata ya Kenya huru, imekuwa na muhuri wenye jina hilo. Muhuri wa Wajerumani ulikuwa na neno la pili, OSTAFRIKA. Hilo ndilo la kutafuta kwanza. Tumia kioo cha kukuzia na mwanga unaoingia kwa pembeni, kwa sababu wino uliofifia huonekana vizuri mwanga ukija kwa ubavu. La pili ni tarehe. Lazima iwe kati ya 22 Novemba 1888 na 31 Machi 1891. Ikitoka nje ya hapo hata kwa siku moja, bahasha si ya posta ile, au ni ya kughushi.

Halafu angalia stempu. Uwakala wa Lamu ulitumia stempu za kawaida za Ujerumani, zilezile za Berlin, zenye thamani ya pfennig na bila chapa yoyote ya Afrika juu yake. Zile zilizochapwa maneno ya "Pesa" juu ya stempu ya Kijerumani ni za Tanganyika na zilianza 1893. Zilizoandikwa jina la koloni ni za baadaye tena, na zenye picha ya merikebu ya Kaisari ni za karne ya 20. Wauzaji wa mitandaoni huziita zote "za posta ya Lamu" bila haya.

Stempu yako ya herufi za Kiarabu ndiyo inayonifanya nikae vizuri kwenye kiti. Mwaka 1889 zilitolewa stempu kwa jina la Usultani wa Witu, zenye maandishi ya herufi za Kiarabu. Wakusanyaji wanabishana juu yake mpaka leo: wapo wanaosema zilibeba barua kweli kati ya Witu na pwani, na wapo wanaosema zilichapwa ili ziuzwe kwa wakusanyaji wa Ulaya. Witu haikuwa mwanachama wa ule umoja wa posta, kwa hiyo stempu yake isingeipeleka barua ng'ambo, ingehitaji ya Kijerumani pembeni yake. Ndiyo, ya babu yako inaweza kuwa hivyo. Lakini bahasha yenye stempu mbili za namna hii ndiyo hasa ambayo mtu mwerevu angeitengeneza ili aiuze. Na kuna uwezekano wa kawaida zaidi ya huo. Stempu za Misri na za Dola ya Uthmani zilikuwa na herufi za Kiarabu, na Waamu waliokwenda Hija au waliokuwa na jamaa Arabuni walipokea barua za huko. Za Unguja za baadaye nazo zina Kiarabu. Kwa hiyo mpe mtu anayesoma khati za zamani akusomee kilichoandikwa, jina la nchi na thamani, kabla hujaota ndoto ya fedha. Mwalimu mzuri wa madrasa anaweza kulimaliza hilo kwa dakika tano.

Kisha geuza bahasha. Watu hupenda sura, mimi hupenda mgongo. Barua iliyosafiri kweli hupigwa mihuri njiani na inapofika: ya bandari ilikopita, ya mji ilikopokelewa. Mihuri hiyo inapaswa kufuatana kwa tarehe zinazowezekana kwa meli za wakati ule. Aliyeghushi muhuri wa Lamu mara nyingi hujisahau upande wa pili. Angalia pia kama muhuri umekanyaga stempu na karatasi kwa pamoja. Ukiwa umeishia ukingoni mwa stempu, huenda stempu ilibandikwa baadaye. Na jiulize swali la kifamilia: bahasha iliandikwa kwa nani? Kama jina ni la Mzungu wa Ulaya, ilirudije kwenye sanduku la babu? Kama ni la mzee wa ukoo wenu, hiyo ni habari nzuri kuliko stempu zenyewe.

Utunzaji hauna mambo mengi. Isilowe hata tone, isipigwe pasi, isifungwe kwa plastiki ya moto, isiwekwe selotepu. Stempu ya kale iliyo juu ya bahasha yake, ikiwa na mihuri yake yote, ina thamani kubwa kuliko stempu hiyohiyo ikibanduliwa, kwa sababu bahasha ndiyo ushahidi. Itie kati ya karatasi safi zisizo na asidi, uiweke mahali pakavu, mbali na ukuta wa nje. Kuta za chokaa hupumua unyevu wakati wa masika, na kabati lililoegemea ukuta huo ni adui wa karatasi.

Kuhusu kuuza, nitasema bila kupindapinda. Bahasha halisi ya posta ya Wajerumani Lamu ni nadra na ina soko, hasa Ujerumani, ambako wako wakusanyaji wa posta za kikoloni tu. Lakini soko hilo halinunui maneno. Linanunua cheti cha mtaalamu anayetambulika, na Ujerumani wako wahakiki wa stempu walioungana katika chama chao, BPP, ambao kila mmoja amebobea katika eneo lake. Bila cheti, mnunuzi mwenye haraka atakupa bei ya kubahatisha, na kama yeye anaijua vizuri kuliko wewe, kubahatisha huko kutakuwa kwa faida yake. Mkiamua kuuza, njia ya haki ni cheti kwanza, kisha mnada wa wazi, mkijua kwamba mnada unakata ada yake.

Njia ya pili ni kuiazimisha kwa makumbusho. Azima haimaanishi kutoa bure. Mnaandikiana mkataba unaotaja mmiliki, muda, na haki yenu ya kuirudisha nyumbani. Nyumba ile ya Usita wa Mui iko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na kama bahasha ni halisi, sioni mahali pengine duniani ambapo ingesemwa vizuri zaidi. Ubaya wake ni kwamba hamtapata fedha, na mtakuwa mmemtegemea mwingine kwa utunzaji, kwa hiyo ulizeni hali ya hewa ya chumba itakamowekwa. Njia ya tatu ni kukaa nayo. Hiyo pia ni halali, mradi mpige picha nzuri za pande zote mbili zihifadhiwe kwa zaidi ya mtu mmoja. Ningekuwa mimi, ningeiazimisha, lakini mimi silipi karo ya mtu katika nyumba yenu.

Yapo mambo matatu ambayo maandishi yangu hayawezi kuyamaliza, lazima mwende kwa miguu. La kwanza ni mirathi. Bahasha ni mali ya marehemu, na mjomba ana fungu lake kama mama alivyo na lake. Hakuna mmoja anayeweza kuiuza peke yake, na kama kuna mvutano, nendeni kwa kadhi kabla maneno hayajawa makali. La pili ni kibali. Kuna Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006, na vitu vya kale haviondoki nchini ovyoovyo, hivyo kabla bahasha haijavuka mpaka, hata kwa kwenda kuhakikiwa tu, ulizeni ofisi ya makumbusho iwaandikie jibu kwa karatasi. La tatu ni macho ya mtu aliyeishika: pelekeni kwa msimamizi wa makumbusho ya Lamu, na mkiwa Nairobi, Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ina watu wanaojua karatasi na wino wa miaka ile.

Na lile sanduku, usilifungie kwa sababu umekwisha kuona stempu. Barua isiyo na stempu, iliyokunjwa na kuandikwa jina mgongoni kwa khati za Kiarabu, ndiyo iliyopita mikononi mwa manahodha kabla ya posta yoyote. Wakusanyaji hawaitaki, wanahistoria wanaililia. Zitoe moja moja, zipige picha zikiwa na rula pembeni, uandike nani aliikuta wapi. Kisha nitumie picha za ile bahasha pia, upande wa mgongo kabla ya ule wa mbele.